Pembe za Geti la Ngendo

Kila asubuhi Ngendo alipita kwenye geti la Shiro akienda kununua maziwa, na kila asubuhi roho ilimuuma. Geti la Shiro lilifunguka na kufungika bila kelele. La Ngendo lilikuwa limelala chini kama mlevi, likifungwa kwa kamba.

Wanawake hawa wa Mweiga waliolewa na ndugu wawili, wakajenga wakitazamana. Shiro alikuwa na ng'ombe, viazi vyake vilistawi, na alisomea useremala chuoni. Mtu mmoja apate yote hayo kwa nini?

Sasa baba mkwe wao, Mzee Wamae, alikuwa na ndama jike wa kugawa.

"Ndama ni ya Ngendo," alisema. "Lakini siwezi leta ndama mahali geti haifungi. Jumamosi nikipata iko hivyo, nampelekea Shiro."

Shiro tena! Siku hiyo hiyo Ngendo alitafuta mbao.

Alianza geti jipya mwenyewe. Alilaza mbao mbili ndefu, moja juu na nyingine chini, akaziunga kwa vipande viwili vifupi. Kutoka kona hadi kona ulihitajika ubao wa mshazari, wa kuzuia geti lisilale. Kila alipoukata, uliacha pengo. Amwombe Shiro msaada? Afadhali ale nyasi.

Ijumaa alinyemelea geti la Shiro na kipande cha katoni. Alichuchumaa, akaanza kuchora pembe ya mshazari.

"Ati unafanya nini kwa geti yangu, Mama Kim?"

Shiro alikuwa nyuma yake, akicheka. Ngendo alitamani ardhi immeze.

"Hiyo pembe ni ya geti yangu," Shiro alisema. "Yako ni pana kuliko hii. Mshazari yako italala zaidi. Twende nione."

Alipofika alipima nafasi kati ya mbao, mwanzo na mwisho.

"Huku zimekaribiana. Mbao zikiwa sambamba, nafasi ni sawa kote. Tunyooshe kwanza."

Walizinyoosha. Kisha Shiro akalaza ubao wa mshazari juu yake.

"Chora hii pembe nyembamba ya chini, upande wa kulia wa mshazari."

Ngendo alichora kwenye katoni, akaikata.

"Sasa zungusha katoni juu chini, uweke pale juu, upande wa kushoto."

Ilitoshea kabisa.

"Na sijapima!" Ngendo alishangaa.

"Mstari ikikata mistari mbili sambamba, hizo pembe mbili za ndani, moja huku na moja ng'ambo ya mshazari, ni sawa. Isipotoshea, jua mbao yako si sambamba."

"Na hii pembe pana ya kando?"

"Hizo mbili zimekaa kwa mstari mmoja umenyooka. Jumla ni digrii mia moja themanini. Ukijua moja, unajua ingine."

Hata hilo alilijua! Ngendo alishika msumeno akakata kwa hasira, lakini alikata sawasawa.

Jumamosi Mzee Wamae alifika na ndama, akalisukuma geti jipya mara mbili.

"Fundi ni nani?"

Shiro alikuwa amesimama barabarani. Ngendo alimtupia jicho.

"Ni mimi, Baba. Lakini pembe nilifunzwa na huyu Mama Anita."

"Shiro! Wewe ni mtu wa maana sana!"

Wivu ukamchoma Ngendo upya. Alichukua kamba ya ndama upesi, kabla mzee hajabadili nia, akamwingiza ndani. Geti likafungika vizuri. Kisha akalifungua tena.

"Ingia tunywe chai, Mama Anita," akasema. "Lakini usinifundishe kukamua."