Tangazo Lisilo na Maiti

Ilianza na harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi, ndani ya chumba ambacho hakikuwa hata na chungu cha maua.

Chumba chenyewe ni kile cha seva, katika redio moja ndogo hapa Kakamega mjini. Jina la redio tuliache, wenyewe wangali hai na masikio yao ni marefu. Zamani kilikuwa stoo ya mahindi. Musimbi, fundi wa mitambo, ndiye aliyeshika ufunguo wake. Kila jioni Mzee Phanuel alisoma matangazo ya vifo, kwa ile sauti nzito iliyowaliza wajane kutoka Shinyalu mpaka Musanda. Akimaliza, Musimbi alianzisha nakala ya akiba: yote yaliyosemwa siku hiyo yatoke diski kuu, yapite kwenye kebo, yalale katika diski ya pili, kisha yavuke mtandao hadi tawi la Mumias, ili hata nyumba ikiungua, sauti zisiungue.

Kwa kawaida ni kazi ya muda wa kunywa chai. Lakini wiki hiyo nakala ilijikokota kama bi harusi anayeagana na mama yake. Chai ikapoa, ikashika utando, na diski bado inakwaruza, krr, krr, kama jembe linalogonga changarawe.

"Mashine yako imezeeka kunishinda mimi," Phanuel akamtania.

"Afadhali hii, baba. Nikiizima inawaka tena."

Meneja wao Joash, yule anayepaka nywele rangi akidhani hatujui, hakucheka. "Nataka iende kasi," alisema. "Ukishindwa, niambie nitafute fundi mwingine."

Basi Musimbi akakunja mikono ya blauzi. Aliona diski kuu inasomwa na kuandikwa wakati mmoja, kama mlango mmoja ambao harusi inatokea na matanga yanaingilia. Akazigawia diski mbili kazi, moja isome, nyingine iandike. Vipande vidogo vidogo vya sauti akavifunga pamoja visafiri kwa mafungu makubwa. Akatupa kebo kuukuu, akaipa nakala njia yake peke yake, isigombanie mtandao na wale wanaotazama mpira ofisini. Hata laini ya Mumias akaifungua, nako mambo yafike kasi.

Jioni ile nakala iliruka. Ilikwisha kabla Phanuel hajakoroga sukari. Joash akanunua soda, jambo ambalo watu wanalisimulia hadi leo.

Asubuhi yake Kimutai, mlinzi wa getini, alikutwa ameketi kwenye kiti chake, kofia magotini, amekuwa baridi.

Musimbi aliingia kwenye chumba cha seva akifuta machozi, atayarishe tangazo. Ndani ya nakala ya jana akakuta sauti moja isiyo na lebo. Akavaa vipokea sauti masikioni. Alikuwa Phanuel, akitangaza kwa majonzi kifo cha Kimutai, mume wa fulani, baba wa fulani na fulani. Ilirekodiwa jana, jua likiwa bado juu, Kimutai akiwa getini anaomba watu kiberiti.

"Mzee," akanong'ona, "ulisoma hili jana?"

Phanuel alisikiliza. Midomo yake ikageuka majivu. "Sauti ni yangu. Mdomo si wangu." Akafunga mlango. "Unamkumbuka Mzee Ligami wa Malinya, mwenye fahali? Alipolala hospitalini hajitambui, wanawe waliona amekwisha. Wakaja tangazo lirekodiwe mapema, ili watu wajiandae kwa vita vya mafahali siku ya mazishi. Nikasoma, msichana wangu. Nilimlilia mtu akiwa na pumzi. Kesho yake akaamka, akaitisha obusuma na ingokho, ugali kwa kuku."

"Na tangazo mkalifuta?"

"Joash alisema tufute jina tu. Kilio kibaki, kitafaa kwa mwingine."

Sasa Musimbi akaelewa. Kilio kizima, chenye nafasi tupu mahali pa jina, kilikuwa kinatambaa ndani ya diski kikitafuta maiti yake, na ule uzito uliokuwa ukikichelewesha ni yeye aliyeuondoa.

Akakifuta. Kikarudi. Akafuta tena, kikarudi. Na jioni, mvua ya Kakamega ikigonga mabati kama watu wengi wanaotaka kuingia kwa pamoja, nakala ilijianzisha yenyewe, harufu ya udongo ikapanda mpaka kooni, na vile vipokea sauti vilivyolala mezani, ambavyo hakuna aliyevivaa, vikaanza kusema kwa ile sauti nzito, tunatangaza kifo cha mama Zi, mama Zi, naye Musimbi, ambaye mama yake ni Zipporah wa Shinyalu aliyempigia mchana kumsimulia maharagwe, akang'oa plagi ukutani, taa za mashine zikazima na diski ikaendelea kukwaruza gizani, akang'oa kebo mpya akachomeka ile kuukuu kutoka kwenye takataka, akafungua mpira kwenye kila kompyuta ofisini ili njia izibe, na sauti ikapungua mwendo, ikawa inavuta silabi kama mtu anayevuta ndoo kisimani, Zi, ppo...

"Itafika," Musimbi akalia. "Imepungua tu, itafika!"

"Ipe maiti," Phanuel akasema kwa pumzi. "Mtu akichukuliwa na mto asionekane, sisi tunazikanga nini?"

"Mgomba."

Walikata mmoja kwa jirani bila kuomba, wakauviringisha kwa shuka. Phanuel akampigia Ligami, na mzee huyo akacheka mpaka akakohoa. "Kilio ni changu, jina ni langu. Nizikeni! Ila fahali wangu asisikie."

Nyuma ya redio, kwenye mvua, Phanuel alilisoma tangazo lote, na mahali pa jina akamtaja Ligami, wake zake, wanawe na fahali wake. Kila koleo la udongo lilipoangukia mgomba, diski ndani ilijibu, krr. Koleo la mwisho halikujibiwa. Harufu ikaondoka.

Musimbi akapiga simu. "Mama?"

"Wewe, unanisumbua nikipepeta maharagwe!"

Akacheka huku akilia, akakata. Hata hajaishusha, simu ikaita. Alikuwa Muhonja wa tawi la Mumias, ananong'ona.

"Dada, hapa kuna kitu kinajinakili chenyewe. Chumba kinanuka kaburi. Ni Mzee Phanuel anasoma. Yuko wapi?"

"Yuko hapa na mimi."

"Anamtaja mama fulani wa Shinyalu."

"Muhonja, kinakwenda polepole? Niambie ni polepole!"

"La, dada. Tangu utufungulie ile laini, hapa kila kitu ni kasi. Ndiyo hiyo, imekwisha."