Sekunde Nne Nukta Mbili

"Foleni inaanzia kule nyuma, mama."

Karani aliijua sauti hiyo kabla hajageuka. Kwa miezi saba ilikuwa ikimwamsha kila asubuhi kwenye simu, na kwa miezi mitano iliyofuata hakuisikia hata mara moja. Aligeuka taratibu, mkoba kwapani, huku watu wakisukumana mbele ya meza ya usajili kama wanaogombea maji.

"Mama?" alisema. "Mimi nimekuwa mama yako tangu lini?"

Mwenye sauti, Mwalimu, alirudi nyuma hatua moja. Alivaa koti la kijivu lililompwaya mabegani, na shingoni alikuwa na tai ya buluu. Karani aliijua tai hiyo, kwa sababu aliichagua mwenyewe.

"Sikujua ni wewe."

"Ungejua ungesemaje?"

"Ningesema foleni inaanzia kule nyuma."

Mwanamke aliyekuwa kati yao akajifanya anasoma ratiba.

Lilikuwa kongamano la mwaka la chama cha watafiti wa matini na mazungumzo, watu wanaoweza kukaa mchana kutwa wakibishana kwa nini mnunuzi husema "haya basi" kabla ya kutoka dukani. Ukumbi wa chuo ulinuka dawa ya sakafu na kahawa. Mwaka mmoja kabla, mahali hapohapo, Karani na Mwalimu walikuwa wamenyakua pamoja nakala ya mwisho ya ratiba, kila mmoja upande wake, na hakuna aliyekubali kuachia. Waliishia kuisoma pamoja mpaka jioni. Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, kwa kuvutana karatasi.

Safari hii ratiba zilitosha kila mtu. Karani alifungua yake, akatafuta jina lake, akalisoma mara mbili. Chumba cha pili, saa nne asubuhi, mada: Kimya katika Mazungumzo. Msemaji wa kwanza, Mwalimu. Msemaji wa pili, yeye.

"Umeomba tuwekwe pamoja?" Mwalimu aliuliza, naye akiwa ameshaona.

"Mimi? Ningeulizwa, ningeomba niwekwe nchi nyingine."

Alitoka hadi dirishani, akampigia dada yake.

"Umemwona?" dada aliuliza hata kabla ya salamu.

"Nimemwona."

"Amekonda?"

"Hapana."

"Mungu atasaidia, atakonda."

"Dada!"

"Nasema tu. Mtu anaomba uchumba kwa simu, anakata kabla hujafungua kinywa, halafu namba yako anaifungia! Sasa nisikilize, mdogo wangu. Soma karatasi yako, urudi nyumbani. Usimtazame. Amevaa nini?"

"Tai ya buluu."

Dada aliguna. "Usiitazame tai."

Karani alikuwa na miaka thelathini na tisa. Kazi yake ilikuwa mahakamani. Alivaa spika za masikioni kuanzia asubuhi, akasikiliza kanda za kesi na kuchapa kila neno, kila kikohozi, kila mahali shahidi aliposita. Jioni, wenzake walipokwenda nyumbani, yeye alikwenda darasani, akaketi na vijana waliomwita shangazi. Miaka minne ya masomo ya jioni ilikuwa imezaa karatasi moja ya kurasa kumi na mbili, na leo angeisoma mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Ilisema jambo moja: shahidi akinyamaza, usiseme amekiri, wala usiseme amekana. Tafuta kwanza anafanya nini.

Zikibaki dakika kumi, alitafuta darasa tupu, akavuta kiti nyuma, akapiga magoti mbele yake. Hakuwahi kuingia kwenye jambo zito bila kufanya hivyo. Alifanya hivyo kabla ya mitihani, na kabla ya kumjibu bosi wake. Mwalimu alikuwa akimtania, "Karani wangu, magoti yako yatakuja kudai likizo." Naye alimjibu, "Yataomba likizo siku wewe utakapojifunza kuomba."

Aliomba asitetemeke. Hakuomba zaidi ya hapo.

Chumba cha pili kilijaa. Mwenyekiti wa kikao alikuwa profesa mmoja, mama mwenye miwani mikubwa na kengele ndogo ya mezani, ambayo wanachama waliiogopa kuliko wahariri. Karani aliketi mbele, gauni lake la kijani limenyooshwa vizuri, karatasi mapajani.

Mwalimu alisimama. Alikuwa msemaji hodari, na hilo ndilo lililomuudhi Karani zaidi.

"Ukimwomba mtu jambo," alisema, "jibu la 'ndiyo' huja mbio. 'Hapana' hujikokota. Kimya kikizidi sekunde moja, anza kufunga virago."

Watu walicheka. Alipitisha mifano ukutani kwa projekta, mmoja baada ya mwingine: mteja na muuza duka, mgonjwa na daktari, jirani na jirani. Kisha ukaja mfano wa saba.

A: Nataka kuja kwenu na wazee wangu. Utakubali?
B: (kimya, sekunde 4.2, kelele ya kiti)
A: Nimeelewa.
(A anakata simu)

Karani alihisi masikio yakimuwaka moto. Ni kweli alitoa ruhusa. Siku za raha zao, Mwalimu alikuwa akirekodi simu zao kwa ajili ya utafiti, naye akatia sahihi huku akicheka. "Utachunguza nini humo?" "Namna unavyosema haloo." Lakini kutia sahihi ukiwa umependwa ni jambo moja, na kuning'inizwa ukutani ukiwa umeachwa ni jambo jingine kabisa.

"Pole sana, A!" mzee mmoja alipaza sauti kutoka nyuma, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka. "Sekunde nne nukta mbili," alisema. "B hajasema hapana, na hakuhitaji kusema. Sikilizeni kiti. B anainuka, anaondoka kwenye mazungumzo. A amesoma ishara vizuri, akajiondolea aibu."

Alipigiwa makofi. Alipokuwa akirudi kwenye kiti chake, alipita mbele ya Karani bila kumtazama.

"Msemaji wa pili," profesa alisema. "Dakika ishirini."

Karani alisimama. Magoti yalikuwa imara. Aliilaza karatasi yake kifudifudi mezani.

"Naomba mfano wa saba urudishwe ukutani."

"Hiyo ni kazi yangu, si yako," Mwalimu alisema.

"Mada yangu ni kimya. Na kimya kile pale."

"Profesa, huu si utaratibu."

"Muda ni wake," profesa alisema. "Akitaka autumie kuimba. Rudisha."

Mfano ukarudi. Karani akauliza, "Mwenzangu, kanda yenyewe unayo hapo?"

"Ninayo. Lakini siwezi kuicheza. B aliruhusu maandishi tu, hakuruhusu sauti." Akaongeza kwa ubaridi, "Sisi wengine tunaheshimu masharti."

"Ruhusa ya B naitoa sasa hivi."

"Huwezi kutoa ruhusa ya mtu."

"B ni mimi."

Yule mzee wa nyuma akainamisha kichwa kama aliyevunja chombo cha watu.

Mwalimu aliitazama kompyuta yake kwa muda, kisha akabonyeza. Sauti yake mwenyewe ikajaa chumbani, nyepesi na yenye haraka kuliko alivyozungumza leo: Utakubali? Kisha kimya. Kisha mkwaruzo. Kisha, Nimeelewa.

"Rudisha. Ongeza sauti."

Akarudisha.

"Miaka kumi na sita nasikiliza kanda za watu," Karani alisema. Sauti yake haikutetemeka. "Mwenzangu ameandika kelele moja. Ziko tatu. Ya kwanza ni kiti, kinasogea nyuma. Baada yake kuna vishindo viwili, vya chini, karibukaribu. Mtu anayeondoka, nyayo zake huenda mbali. Hizi hazikwenda popote. Rudisha tena, tafadhali."

Mkwaruzo. Puu. Puu.

Mkono wa Mwalimu ulibaki juu ya kompyuta. Uso wake ulibadilika kidogokidogo.

"Magoti," alisema. Hakutumia kipaza sauti.

"Sema kwa nguvu, wasikie."

"Ni magoti."

"Ni magoti yangu. Miezi saba umeyatania haya magoti. Kanda hii umeisikiliza mara ngapi?"

"Hamsini. Zaidi ya hamsini."

"Na hukuyajua!" Hapo ndipo sauti yake ilipopanda. "Nilikuwa nimefika 'Ee Mungu,' basi. Hata kumwambia ni habari gani sijamwambia, simu imekatwa! Sekunde nne! Mimi nikiombea chai tu nachukua zaidi ya hapo!"

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Profesa alikuwa ameshika kengele yake, lakini hakuipiga.

"Zimebaki dakika kumi na moja," alisema polepole. "Karatasi yako, Karani. Isome."

Akaisoma. Ilibidi aruke kurasa nne za katikati, zile alizozihangaikia zaidi, na mifano mitatu ya mashahidi hawakuisikia kamwe. Hilo lilimuuma. Lakini hakuna aliyekohoa mpaka alipomaliza.

Mwalimu alimkuta kwenye ukumbi wa mbele baada ya kikao cha mwisho, jua likiwa bado juu, wahudumu wakikunja meza na kupanga viti.

"Umeniaibisha mbele ya watu wote," alisema.

"Nani alianza? Uliniweka ukutani watu wanicheke."

"Hakuna aliyejua ni wewe."

"Mimi nilijua!"

"Sasa kwa nini hukunipigia ukanieleza?"

"Nilikupigia mara tatu."

Mwalimu alitazama viatu vyake. "Nilidhani unataka kunipa pole. Sikutaka pole yako."

"Ukanifungia namba."

"Nikakufungia."

"Unajua kilichoniuma? Si kukata simu. Simu hukatika. Ni kwamba ulikuwa umeshajijibu. Uliniuliza mimi, ukajijibu wewe, halafu ukaandika karatasi kuonyesha ulivyojibu vizuri."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Jibu. Kila sekunde ilipopita, niliona ninachokijua kwa kazi yangu. Nikasema, bora nimalize mwenyewe."

"Kazi yako ni kupima vimya vya watu, na changu hukuweza kukingoja." Alitupa mkoba begani. "Kwaheri, Mwalimu. Tai imekupendeza. Mpe salamu aliyekuchagulia."

Alishuka ngazi bila kugeuka. Alikuwa amekaribia mlango wa chini simu ilipoita mkobani. Aliitoa. Kwenye kioo palisomeka: USIPOKEE. Hilo ndilo jina ambalo dada yake alimwekea Mwalimu miezi mitano iliyopita, kwa mkono wake.

Iliita mara ya pili, ya tatu, ya nne. Alipoinua macho, alimwona juu ya ngazi, simu sikioni.

Alipokea.

"Haloo."

"Mfano wa saba nimeufuta," Mwalimu alisema. "Nimemwambia profesa hautachapishwa. Kanda ipo, uamuzi ni wako."

"Ifute."

"Sawa." Aliiondoa simu sikioni, akabonyeza, akairudisha. "Imefutika."

"Na hii unarekodi?"

"Hapana."

"Kuna kingine?"

Alisikika akivuta pumzi. "Nataka kuja kwenu na wazee wangu. Utakubali?"

Karibu na mlango, ukutani, palikuwa na kiti kimoja ambacho wahudumu walikuwa hawajakichukua. Karani alikivuta. Kilikwaruza sakafu, na mkwaruzo ukapanda mpaka juu. Akaiweka simu juu ya kiti bila kuikata, akakunja pindo la gauni la kijani, akapiga magoti.

Hakuanza kwa upole. Alimweleza Mungu habari zote za mwanamume huyu, akianzia na lile neno "mama" la asubuhi. Alilalamika kuhusu ukuta, kuhusu kicheko cha yule mzee, kuhusu kurasa nne za katikati. Alisema wazi kwamba bado amekasirika na hataki kudanganya. Ilipoisha hasira ya kusema, alibaki ameinama, asiseme kitu, naye akisubiri jibu.

Wahudumu walisimama na viti mikononi. Hakuna aliyepima muda. Juu ya ngazi, Mwalimu aliihamisha simu kutoka sikio la kushoto kwenda la kulia, kisha akairudisha la kushoto. Mwishowe akaketi kwenye ngazi, tai ikiwa imelala begani, simu ikiwa palepale.

Karani alinyanyuka, akapangusa magoti, akachukua simu.

"Bado upo?"

"Nipo."

"Hujachoka?"

"Nimechoka. Nipo."

"Waje Jumamosi, saa nane mchana. Dada yangu atakutukana kidogo."

"Kidogo?"

"Nitaomba iwe kidogo." Alikuwa akitabasamu, lakini hakutaka asikie. "Na usifikiri mambo yamekwisha. Nimekubali uje, sijasema nimeacha kukasirika. Wazee wako wakiniuliza mbele ya watu, nitavuta kiti tena, na nitakaa huko chini mpaka nimalize. Utangoja?"

"Nitakuja na mto," Mwalimu alisema, "wa magoti yako."

Karani alimtazama pale juu, amekaa kama mtoto aliyechelewa kuchukuliwa shuleni. Kisha akaikata simu, yeye mwenyewe, kwa kidole chake, na akabaki pale chini akimsubiri ashuke.