Akuwam Si Jina Lake Halisi

"Ee, mama?" Akuwam aliitika, na hakuna aliyekuwa amemwita.

Dakta Amoni, mama yake, alikuwa sebuleni kwake mtaani Nawoitorong, akizunguka meza na makaratasi mkononi, akifanya mazoezi ya mada yake ya kongamano. Alisimama. "Sijakuita."

"Umeniita. Kutoka huko nje."

Nje palikuwa na jua kali na upepo wa Lodwar unaosukuma vumbi. Watoto hufunzwa mapema: usiitike sauti kabla hujauona uso. Dakta hakulikumbuka neno hilo. Wasomi wetu ndivyo walivyo, hukariri nadharia za watu wa mbali na kusahau maneno ya nyanya zao.

Kongamano lilikuwa lake. Ndiye aliyetafuta ukumbi, akaalika maprofesa, akagombana na wapishi kuhusu mbuzi, kisha akajipangia kuzungumza wa kwanza mbele ya wale watakaoamua kama atapandishwa cheo. Mada ilihusu mwanamke mmoja wa Kakuma, Nyaduoth, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, aliyefuatwa na kitu fulani tangu alipovuka mto akikimbia vita. Kila jioni kilimwita kwa jina lake. "Nikiitika, nimeisha," alimwambia Dakta. "Andika yote. Jina tu, usiandike."

Ahadi hiyo ni nyepesi kwa mtafiti, kwani ndiyo desturi ya kazi yao: humpa mtu jina la kubandika ili asijulikane. Dakta alitaka kumficha hadi kabila, akatafuta jina la Kiturkana, na lililokuwa karibu na mdomo ni la bintiye aliyekuwa amelala mapajani pake. Akaandika: *Akuwam, si jina lake halisi.* Akatabasamu. Aliona ni upendo.

Basi kila aliposoma kwa sauti, "Akuwam anasema aliusikia mto," "Akuwam analia," mtoto alizidi kuchemka mwili. Hospitalini walipima malaria, wakapima na taifodi, wasione kitu. Nyumba ikaanza kunuka tope bichi la mto, tope lenye kitu kilichooza ndani, ilhali mto Turkwel ulikuwa umekauka. Na jioni ya kuamkia kongamano, Nakiru, msichana wa kazi, alimkuta mtoto amesimama mlangoni, paji la uso limeegemea mbao, akizungumza polepole na mtu wa upande wa pili, akicheka kidogo, akinyamaza kusikiliza, akisema ee, ee, nakuja, na chini ya mlango maji meusi yalikuwa yakiingia taratibu na kulowesha nyayo zake, na Nakiru alipomvuta, mtoto alikuwa mzito ajabu, kana kwamba na huko nje kuna aliyemshika asimwachie.

"Madam," Nakiru alinong'ona Dakta aliporudi, "hii nyumba iko na mtu."

Asubuhi gari la kongamano lilileta wageni kutoka Kakuma. Nyaduoth alishuka amenenepa, kitenge kipya mwilini, pamoja na Mama Sylviane, mwombezi Mkongo wa kambi ya Kalobeyei aliyekuwa akimwombea tangu zamani.

"Ejok, Dakta!" Nyaduoth alimkumbatia. "Mimi nalala sasa. Hiyo kitu haiiti tena. Tangu wewe uandike, imepotea!"

Dakta alimvuta Mama Sylviane nyuma ya hema la chai, akamweleza yote.

"Weye ulipatia ile kitu mutoto wako," Mama Sylviane alisema, macho yamemtoka. "Inafwata jina. Kila mara unataja jina mbele ya watu, unaifungulia mulango. Leo usisome. Twende kwako tufunge, tuombe. Itatoka."

"Maprofesa wameshaketi, mama. Na nikitaja jina la kweli?"

"Itarudia mwenyewe. Na haitatoka mikono mitupu. Usifanye, dada. Mungu anakuona."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini tusimsingizie Dakta uzazi peke yake. Angeweza kunyamaza. Angenyamaza, cheo kingempita. Akapanda jukwaani.

Nyaduoth alikuwa safu ya mbele, mikono mapajani, akitabasamu kama mzazi siku ya mahafali.

"Mwanamke niliyemwita Akuwam," Dakta alisema kwenye kipaza sauti, "si Akuwam. Anaitwa Nyaduoth. Ndiye yule pale."

Shingo zote ziligeuka. Tabasamu la Nyaduoth lilichelewa kuondoka, na kabla halijaisha usoni, sauti ya kike ikamwita kutoka nyuma ya ukumbi, pole, ya kubembeleza, nyuma kule ambako hapakuwa na mtu yeyote ila viti vitupu, na yeye kwa aibu ya kutazamwa na watu wote hao akasahau miaka yote aliyokaza meno asiitike.

"Ee?" akaitika.

Ukumbi ulinuka tope. Alianguka bila kujikinga. Walipokuwa wakimbeba kumpeleka hospitalini, simu ya Dakta ilitetemeka. "Madam, homa imeisha!" Nakiru alikuwa akipiga kelele. "Ameamka, anataka nyama!"

Dakta alilia kwa furaha palepale jukwaani. Watu walidhani anamlilia Nyaduoth, wakampigia makofi, na mwenyekiti akaruhusu maswali.

Alasiri alirudi nyumbani mbio. Ndala za Nakiru zilikuwa zimetupwa uani, mwenyewe hayupo. Dakta aliingia, akaufunga mlango. Mtoto alikuwa mkekani, amempa mgongo, akitafuna nyama mfupani.

"Akuwam!"

Hakugeuka.

"Akuwam, mama amekuja."

Mlango ukagongwa, chini kabisa, pale anapofikia mtoto.

"Mama," ilisema sauti aliyoilea tangu ikiwa kilio cha kichanga. "Umeniita, nimekuja. Mbona umenifungia?"

Dakta alichungulia kwenye ufa. Nyaduoth alikuwa amepiga magoti kizingitini, kitenge chake chote tope, kidole gumba mdomoni, akilia kama alivyolia Akuwam akiogopa giza.

Nyuma ya Dakta kutafuna kulikoma.

"Usiitike," kikasema kilichokuwa mkekani, kwa sauti ile ya kubembeleza ya ukumbini.