Tumbo la Mpunguzi

Kina mdomo lakini hakisemi, kina tumbo lakini hakishibi, kinakula kabati zima na watu wanakipigia makofi. Ni nini hicho?

Miaka ile Morogoro nzima hapakuwa na mtoto wa kushindwa kukitegua. Jibu ni mashine iitwayo Mpunguzi. Ndiye aliyesimama jikoni kwa Editha Mbena, mweupe, mrefu kama mlango, akiviokota vyombo kimoja kimoja kwa mikono yake miwili myembamba. Aliokota kikombe, akakinusa, akakirudisha. Aliokota bakuli la maua, akalinusa, akalitia tumboni. Lilisikika likisagika, kisha kimya.

Akili ya Mpunguzi ilikuwa kwenye pua. Mtu akishika kitu huacha jasho na mafuta ya ngozi yake, hata awe ametoka kunawa sasa hivi. Pua ya mguso ilinusa mabaki hayo na kujua kitu hicho kimeshikwa mara ya mwisho lini. Kama hazijapita siku tisini, kitu kilipona. Kama zimepita, kiliingia kwenye tumbo, pipa pana la chuma lenye meno yaliyopangwa kama mawimbi, likakigeuza vumbi. Vumbi lilipelekwa kiwandani kuchapishiwa viti vyeupe na vikombe vyeupe, vikauzwa kwa watu wale wale.

Haya yote yalionyeshwa kwenye kuta za nyumba zote saa moja jioni, katika kipindi kilichoitwa Nyumba Nyepesi. Mtangazaji wake, Ladislaus Tindwa, alitembea peku na shati jeupe, akisema kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto mgonjwa: "Kitu ulichokisahau kimekwisha kukusahau." Kisha mwenye nyumba aliletwa, akafunguliwa macho, akakuta kiti kimoja na sahani mbili, akalia. Na kipindi kikiisha ukuta ulikugeukia wewe uliyekaa na kazi yako ya kuchambua mchicha, ukakunong'oneza: "Nyumba hii ina vitu mia nne na kumi. Unapumuaje?"

Watu walikuwa wakipumua vizuri tu miaka yote. Lakini ukiulizwa kila jioni unapumuaje, mwisho kifua kinaanza kubana. Watoto walichekana shuleni: kwenu kuna kabati. Wachumba walikaguana stoo kabla ya kukaguana tabia.

Aliyeitengeneza pua ile alikuwa mhandisi Devota Mkude. Aliitengenezea hospitali kwanza, ili wauguzi wajue kitanda gani hakijasafishwa. Watu wa kipindi wakaiona, wakaichukua, na yeye wakamchukua pamoja nayo. Basi ilipokaribia mara ya mia ya kipindi, Ladislaus alimwita.

"Nataka nyumba ya mtu mzima," alisema. "Nyumba iliyobeba mizigo. Watazamaji wamwone bibi akiwa mwepesi."

Devota alimfikiria mama yake mkubwa, Bi. Skolastika wa Bigwa, dada wa marehemu mama yake, aliyemlea tangu ana miaka tisa. Stoo yake ilijaa hadi kwenye dari. Bi. Skolastika alikuwa na kikohozi, na Devota aliamini ni vumbi la stoo. Aliogopa pia siku moja masufuria yatamwangukia. Kwa hiyo alipokwenda kumwomba, alikwenda na moyo safi. Hilo tumwachie.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Umekonda. Au na wewe wamekupunguza?"

Devota alicheka, akaeleza shida yake, akamsogezea kioo cha kuweka dole gumba la kukubali. Bi. Skolastika hakuwa mtu wa kumnyima mwanawe kitu.

"Vyangu chukueni," alisema. "Hata kile kiti cha miguu mitatu kiliwahi kumwangusha katekista. Ila vya watu msiguse."

"Vya watu vipi?"

"Vya watu. Viko stoo."

"Mashine ina akili, mama mkubwa. Itajua yenyewe."

"Inawajua watu?"

"Inajua mguso."

Bi. Skolastika alimtazama kidogo, kisha akabonyeza dole. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Siku ya kazi alipelekwa hotelini kulala juu ya kitanda cheupe, maana utaratibu wa kipindi ulikataza mwenye nyumba kuwepo. Devota alisimama nyuma ya Mpunguzi. Walipofika stoo, pua ilisoma sufuria kubwa la kwanza: siku mia moja na kumi na mbili. Likaingia tumboni. Masinia, siku mia moja na kumi na mbili. Mikeka, hivyo hivyo. Sahani zilikuwa mia mbili na arobaini, na kila moja chini yake ilikuwa na nukta ya rangi ya kucha: nyekundu, bluu, zambarau, nyingine nukta mbili za njano zikikaribiana. Pua iliandika: doa.

Hapo Devota alishtuka. Bibi mmoja anayeishi peke yake ana sahani mia mbili na arobaini za nini? Neno lile la vya watu likamrudia. Mkono wake ulikwenda kwenye kitufe cha kusimamisha.

"Tuko hewani, mhandisi," Ladislaus alisema bila kugeuza uso. "Watu milioni nne."

Akaondoa mkono. Na hili hatumwachii.

Jioni Bi. Skolastika aliletwa amefungwa kitambaa machoni. Walipomfungua aliitazama stoo yake nyeupe, tupu, iliyonukia sabuni. Hakulia. Aliuliza: "Vya watu viko wapi?"

"Furaha imemchanganya," Ladislaus aliwaambia watazamaji, na kipindi kikaishia hapo.

Siku ya tatu, asubuhi, alifariki mzee Kalisti Mloka, fundi baiskeli wa mtaa, nyumba ya nne kutoka kwa Bi. Skolastika. Devota alikuwepo. Alikuja kumtazama mama yake mkubwa, ambaye tangu siku ile alimjibu salamu tu. Wakasikia nyayo uani. Wanawake kumi na moja wa jumuiya waliingia bila kubisha hodi, kanga zimekazwa kiunoni, wakapita moja kwa moja hadi stoo. Ndivyo ilivyokuwa siku zote: kengele ya msiba ikilia, huulizi, unakwenda kubeba.

Mlango wa stoo ulifunguliwa. Ndani hamkuwa na kitu.

Editha Mbena ndiye aliyetoka kwanza. "Bi. Skola, sufuria langu liko wapi?"

"Muulize mwanangu."

Editha alimgeukia Devota. "Sufuria langu liko wapi?"

"Dada Editha, wewe si ulishapunguzwa mwaka jana? Nilikuwepo. Ulilia kwa furaha."

"Nililia ndiyo. Ungekuwa wewe na kamera nne usoni usingelia? Sufuria nilikuwa nimelileta hapa asubuhi yake, kabla hamjafika. Tulipoiona stoo hii ukutani tukadhani Bi. Skola naye amevihamisha kwanza."

"Na mimi mikeka yangu," alisema mwingine. "Sita."

"Masinia yangu. Nukta ya bluu."

"Sahani za jumuiya zile, ndugu zangu. Tulichanga miaka saba, kila nyumba na rangi yake."

Walizitaja nyumba zote zilizokuwa na vyombo humo na Devota akazihesabu: ishirini na tatu. Kumi na nne kati yake zilishaonyeshwa kwenye kipindi. Alizikumbuka zote, sakafu zake zinazong'aa, kikombe kimoja juu ya meza. Mtaa mzima ulikuwa mwepesi kwa sababu uzito wake wote ulikaa kwenye stoo ya mwanamke mmoja mwenye kikohozi. Mtu anaweza kuishi na sahani mbili, mradi jirani ana mia mbili na arobaini. Jambo hilo Ladislaus hakulisema hata siku moja, na pua haikuweza kulinusa.

"Nitanunua vingine," Devota alisema.

"Kichapishi cha mjini kinatoa sufuria la watu wawili," alisema Editha. "Ndilo kubwa. Wafiwa wanatoka Matombo, Mgeta na Kinole, wanafika saa saba. Mjane, Bi. Pelagia, tumwambie nini? Mume amelala ndani, na uani hapana hata moshi."

Ndipo Bi. Skolastika akamwambia Devota.

"Lile sufuria lenye kipini kilichopinda. Lilipinda siku ya matanga ya mama yako. Lilipikia watu mia tatu, wakalidondosha wakiliepua. Wewe ulikataa kula siku mbili. Nikakuingiza ndani ya sufuria lile na kijiko, ukakaa humo ukikwangua ukoko mpaka ukashiba." Akafuta viganja kwenye kanga. "Mashine yako ilisema halijaguswa siku ngapi?"

Kioo cha mkononi cha Devota kililia. Alikuwa Ladislaus.

"Nimesikia habari za msiba hapo Bigwa," alisema kwa sauti yake ya bembelezo. "Pole sana. Tunakuja na kamera. Msiba mwepesi, Devota. Wa kwanza nchini. Kila mfiwa na kikombe kimoja, mikono mitupu, machozi safi."

"Watu watakula nini?"

"Waje na shibe yao."

"Waje na nini?"

"Na shibe yao. Kula msibani ni mazoea tu. Mimi mwenyewe nina vitu kumi na tisa, na sijawahi kupungukiwa."

Devota alikuwa amekwenda kwake mara nyingi. Alivijua vile vitu kumi na tisa. Aliwajua pia waliomletea chakula kimepikwa kwenye masufuria yao, waliomfulia lile shati kwenye mabeseni yao, na mama aliyemshikia mwavuli kila anaposhuka garini. Vitu vya Ladislaus havikupungua. Vilishikwa na wengine.

"Bwana Ladislaus," alisema, "umewahi kupika maharage ya watu mia tatu?"

"Kwa nini nipike?"

"Basi usiniambie habari ya vitu." Akakizima kioo.

Alitoka hadi kwenye gari lake. Mpunguzi alikuwa nyuma, amesimama, meno ya zamani yametolewa, akisubiri mapya. Devota alichukua spana akaanza kufungua nati za tumbo. Zilikuwa kumi na sita. Wanawake walimtazama kwanza wakidhani amechanganyikiwa. Lilipotoka, lilidunda barabarani kama ngoma. Lilikuwa chuma kitupu kisichoshika kutu, kinene, kina chake kinamfika mtu mzima kiunoni, upana wake hatua moja.

"Nisaidieni," alisema.

Hakuna aliyesogea. Bi. Skolastika alikuja akilizunguka pipa, akaligonga kwa kidole, akasikiliza.

"Limekula vyombo vya watu," alisema. "Sasa litawalisha. Leteni majivu."

Walilisugua kwa majivu na limao mara tatu, wakalichemshia maji wakayamwaga, ndipo wakalipandisha juu ya matofali. Moshi ulipopanda uani kwa marehemu, Bi. Pelagia alitoka mlangoni akauona, akarudi ndani kulia vizuri. Wali ulipikwa humo, maharage yakapikwa kwenye ndoo tano za bati za kufulia. Sahani hazikuwepo. Wakakata majani ya migomba.

Kamera zilifika saa nane. Ladislaus alikuta watu mia mbili na themanini wameketi chini wakila, na tumbo la Mpunguzi katikati, jeusi kwa masizi. Alitafuta pembe ya kupigia picha akaikosa. Mzee mmoja wa Mgeta alimwonea huruma kwa kuwa peku, akampa kandambili.

Msidhani Devota alisamehewa. Editha ndiye aliyepakua, na zamu ya Devota ilipofika aliushikilia upawa hewani.

"Wewe una kitu cha kulia?"

Devota alinyoosha viganja viwili. Editha akamwekea wali humo humo, wa moto.

Kazi ya Devota ilikwisha siku hiyo. Kipindi kiliendelea na mhandisi mwingine. Devota alirudi hospitali na pua yake moja ndogo ya majaribio, na kila Jumamosi alikwenda Bigwa. Wanawake wa jumuiya walimwitikia salamu, basi. Tumbo lilikaa stoo peke yake.

Jumamosi moja aliiwasha pua akaisogeza karibu nalo, kwa kutaka tu kujua.

"Siku tisini na moja," ilisema. "Hakuna anayekihitaji."

"Inasemaje?" Bi. Skolastika aliuliza kutoka uani, alikokuwa akipepeta mchele.

"Inasema hakuna anayelihitaji."

"Itegee kitendawili. Iambie: nalala mwaka mzima pembeni, siku nikiamshwa mtaa wote unakaa chini."

Devota aliiambia pua maneno hayo. Pua ilikaa kimya na taa yake ya kijani.

"Imeshindwa, mama mkubwa."

"Aliyeshindwa anatoa mji, ndipo apewe jibu. Iambie itoe mji."

"Haina mji wa kutoa. Haina kitu."

"Basi ikose jibu."

Alikuja na kichupa kidogo cha rangi ya kucha, akapiga magoti taratibu, akaweka nukta ya kijani chini ya ukingo wa pipa. Devota alimuuliza ni rangi ya nani.

"Ya mama yako. Iwe yako."

Rangi ilikuwa haijakauka waliposikia nyayo uani. Mtu aliingia bila hodi, kanga kiunoni, akapita moja kwa moja hadi stoo. Alikuwa Editha.

"Mjukuu wangu anabatizwa kesho," alisema, akilishika pipa ukingoni kwa mikono miwili.

"Sifuri," ikasema pua.

"Nini tena hicho kinachosema? Kizime." Editha alijaribu kuliinua akashindwa. "Shika upande ule, Devota. Umesimama kama mgeni."