Waliofichwa Kwenye Buti

Walijuana kwenye foleni ya leseni, ukumbi umefurika, feni inazungusha joto lilelile. Binti alikuwa mkaguzi wa halmashauri, mwenye kupitia maduka ya wanyama; kijana alikuwa muuza mbwa.

"Dada, mnakagua wanyama tu, au na mioyo ya watu?"

Binti alicheka bila kutaka. Haukupita muda akawa amekufa ameoza kwa penzi lake.

Sheria ya kazi yake ni moja: ukaguzi ni wa kushtukiza. Lakini mapenzi hayana breki.

"Kesho nivalie lile shati la bluu, mpenzi," binti alimwambia kijana kwenye simu. "Nataka nikuone asubuhi umependeza."

"Asubuhi? We si unakuwa kazini?"

"Ndiyo hivyo, tajiri wangu."

Akakata simu huku anatabasamu, akijidanganya kwamba hajasema kitu.

Asubuhi alikuta duka linanukia dawa, vizimba vinang'aa, kijana katinga shati la bluu. Roho ikamtulia. Alikuwa ameshashika kalamu ampitishe aliposikia mikwaruzo nje, kwenye gari la kijana lililoegeshwa juani.

"Kwenye buti kuna nini?"

"Mizigo tu, mpenzi. Twende ndani, jua kali."

"Fungua."

Walikuwa watoto wa mbwa, wamerundikana, damu ya kuhara imewagandia manyoya. Wote walikuwa wamekufa kasoro mmoja, na huyo naye alimfia mikononi akimkimbizia maji. Binti aliona aibu.

"Walikuwa wanaumwa," kijana alisema. "Ungewaona ungeninyima leseni. Ningewatoa ukishaondoka tu. Usingenipigia, wangekuwa ndani, kivulini."

Alimchukia kwa kusema hivyo, maana ilikuwa kweli tupu.

"Nalifunga duka."

"Ukifunga hapa sina mbele wala nyuma! Mjomba anakuja kwenu Jumapili kuniposea. Nilitaka iwe sapraizi."

Moyo ulimpasuka. Neno hilo alilisubiri tangu siku ya foleni, na sasa amelisikia akiwa na mbwa aliyekufa kifuani.

"Mwambie mjomba asije."

Akabandika karatasi ya kufungia mlangoni, kisha akampigia bosi wake. Kijana alikuwa amechuchumaa pembeni, analia waziwazi.

"Mkuu, duka nimelifunga. Mbwa wamekufa." Akamgeuzia kijana mgongo. "Na mimi ndiye niliyemwambia kwamba nakuja."