Aliyekaa Nyuma Kulia

Springi zilikuwa mpya, shokapu mpya, bushi zote mpya, na bado gari lile kubwa lilikuwa limeinama nyuma, upande wa kulia. Dada Fundi alilishusha kwenye jeki, akarudi nyuma kidogo, akalitazama kama mtu anayetazama picha iliyokaa upogo ukutani. Akapima kwa mkono kutoka tairi hadi ukingo wa bodi: kushoto shibiri nzima, kulia vidole vitatu. Akazifungua springi, ya kushoto akaipeleka kulia na ya kulia kushoto. Akashusha tena. Gari likainama palepale, polepole, kwa mlio mdogo wa kuugua, kama kitanda kinavyolia mtu mzito anapokaa kuvua viatu.

Zamani angemwita baba. Lakini baba alishazikwa, na banda lile la mabati sasa lilikuwa na pumzi za mtu mmoja tu. Mafundi wa jirani, walewale waliokunywa chai ya baba na kumwita mwalimu wao, walikuwa na sababu zao safi: mwanamke hawezi kulala chini ya gari moja na wanaume, watu watasema nini. Hao watu watakaosema ni akina nani, hakuna aliyewahi kuwataja. Ilikuwa rahisi kumwacha peke yake, kisha kushangaa kwamba yuko peke yake.

Mwenye gari, bwana mmoja wa ofisini, alikuwa amelileta kwa mambo mawili: huko kuinama, na difu, zile gia za ekseli ya nyuma, iliyonguruma kila mwendo ulipoongezeka. La tatu alilitaja akicheka. Mama yake mzazi, anayepelekwa kliniki kwa gari hilo, amekataa kukaa nyuma kulia. Anasema pana mtu, na mtu mwenyewe hasogei. Uzee huo, alisema bwana yule. Hakuna aliyemuuliza mama, huyo mtu yukoje.

Sasa, mlio wa difu hautafutwi na mtu mmoja. Mmoja huendesha, mwingine hulala nyuma, sikio sakafuni, asikie unatokea upande gani. Tangu utoto wake baba ndiye aliyeendesha na yeye ndiye aliyelala, baba akiuliza "Wapi?", yeye anajibu. Mchana ule alikwenda kwa fundi wa jirani waliyemwita Kitambi, akamwomba amsindikize mara moja tu. Kitambi akajikuna shingo, akasema mke wake ana wivu, na wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Basi Dada Fundi akaendesha peke yake.

Barabara ilikuwa tupu, jua limesimama wima. Difu ikaanza kunguruma. Na kwa mazoea tu, mdomo ukiitangulia akili, akaita, "Wapi?"

"Kulia," ikajibu sauti nyuma yake. "Beringi ya nje."

Haikuwa sauti ya baba. Ilikuwa nzito na kavu, ya mtu ambaye hajasemeshwa muda mrefu, na ilitoka karibu mno, pale shingo inapokutana na sikio, ikaja na harufu ya kiberiti, harufu ileile ya oili ya difu iliyoungua, ila difu ilikuwa chini ya gari na harufu hii ilikuwa humu ndani, na yeye hakugeuka, hakuthubutu hata kuangalia kioo, aliendesha tu mikono imeganda kwenye usukani mpaka gereji, akazima, akashuka, akasimama juani akisubiri mlango wa nyuma ufunguke, na mlango haukufunguka.

Alipochomoa ekseli, beringi ya nje ya kulia ilikuwa imesagika unga. Akaweka mpya. Mlio ulikwisha. Kuinama hakukwisha.

Angeweza kulirudisha gari hivyohivyo. Lakini alimfikiria yule mama, amebanwa upande wa pili safari nzima, jirani na kitu ambacho hakuna anayemwamini kuwa kipo, na hasira ikamfanya jasiri. Akaingia, akakaa mbele, akafunga mlango.

"Shuka," akanong'ona. "Yule mama ni mtu mzima. Mwachie kiti chake."

Springi zikalia.

"Nishuke niende wapi?" sauti ikauliza. "Huko nje hakuna anayenijibu."

Angesema lolote jingine. Angesema porini, jangwani, kokote kule. Lakini tangu mazishi hakuna aliyekuwa amemjibu yeye pia, zaidi ya salamu.

"Shukia hapa," akasema.

Mlango wa nyuma kulia ukafunguka, kisha ukafungwa taratibu, kama unavyofungwa na mtu aliyelelewa vizuri. Nyuma ya gari ikapanda, ikatulia sawasawa.

Bwana alipokuja na mama yake alilizunguka gari akilisifu, akauliza ni fundi gani aliyemsaidia. Dada Fundi alimwambia hakusaidiwa na mtu. Mama akapanda, akakaa kulia, akanyoosha miguu yake. Kisha akamtazama Dada Fundi kupitia dirishani, akatazama pembeni ya bega lake, na akaitikia salamu ambayo hakuna aliyeitoa.

Wiki ileile Dada Fundi alikuwa chali chini ya pikapu aliposikia mtu akikohoa mlangoni. Kitambi. Alikuwa na maneno ya kusema na yalimtoka kwa shida: kwamba wamemkosea, kwamba Mzee, mwalimu wao, angewaona wangeaibika, kwamba alikuwa amekuja kumwambia kuanzia leo atamshikia upande wa pili. Neno hilo Dada Fundi alikuwa amelingoja tangu makaburini.

"Lakini naona umeshapata mtu," Kitambi akaongeza, na sauti yake ikapungua.

"Mtu gani?"

"Huyo uliyelala naye hapo chini. Miguu naiona minne, dada."

Viatu vyake vikarudi nyuma polepole, kisha vikasikika vikikimbia. Dada Fundi akafumbua mdomo amwite arudi. Spana ambayo hakuwa ameiomba ikawekwa kiganjani mwake, namba ileile aliyoihitaji, vuguvugu kama imetoka mkononi mwa mtu.

"Mwache aende," ikanong'ona sauti, upande wa kulia. "Si ulisema nishukie hapa?"