Chumba Kilicho Juu ya Lango

Mwenyekiti wa chama cha mpira alikutwa amekufa uchi wa mnyama, amekunjamana nyuma ya mlango wa kioo wa chumba cha mvuke, shavu lake limebandikana na vigae. Mvuke ulikuwa umeshazimwa, lakini joto lilikuwa halijaondoka. Inspekta alipochungulia, miwani yake ilishika ukungu. Akaivua, akaifuta kwa ncha ya blauzi, akatazama tena.

"Presha hiyo," alisema Sajini nyuma yake. "Mzee mzima, tumbo kama ngoma, asubuhi asubuhi anajichemsha mwenyewe. Mimi hata uji wa moto hunitoa jasho."

Inspekta hakucheka. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno ya kuhesabika, na wenzake kituoni walimpachika jina la Kupe kwa kuwa akishaganda haganduki. Siku hiyo, hata hivyo, angepewa ruhusa ya kuganduka angeondoka mbio.

Hoteli ile ilikuwa ndani ya uwanja wa mpira. Ilijengwa kwenye tumbo la jukwaa kuu, vyumba vyake vikitazama nyasi, ili mwenye uwezo wake alale humo, aamke, atazame mechi huku kajifunika shuka. Chumba alichofia Mwenyekiti kilikuwa kikubwa kuliko vyote, na kilikaa juu kabisa ya lango la zamani. Kwenye lango hilo, Inspekta akiwa bado msichana wa shule, kaka yake alikanyagwa hadi kufa pamoja na watu wengine wengi. Mechi ilikuwa imekwisha, umati unasukumana kutoka, na lango limefungwa kwa nje. Tangu siku hiyo hakuwahi kutia mguu uwanjani.

Kosa lilikuwa la nani, kila mtu alijua: askari wa lango. Alilewa, akafunga, akaenda kulala. Mwenyekiti huyuhuyu, aliyekuwa msimamizi wa uwanja, ndiye aliyeieleza mahakama hivyo. Askari alifungwa na akafia gerezani, na familia ya Inspekta ikasema ardhi isimpokee.

Daktari wa uchunguzi wa maiti alikuwa amepiga magoti. Aliuinua mkono wa marehemu.

"Njoo uone, Inspekta."

Viganja vyote viwili vilikuwa vimevilia damu. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umepasuka hadi kwenye nyama.

"Mtu aliyeshikwa na moyo hukamata kifua," alisema daktari. "Huyu alikamata mlango."

"Mlango una kufuli?"

"Hauna. Unasukuma tu, unafunguka."

Inspekta aliusukuma kwa kidole kutoka ndani. Ukafunguka kwa nje, bila hata kulia. Akasimama akautazama mshikio wake wa chuma, kisha chuma cha kutundikia taulo kilichopigiliwa ukutani pembeni. Kwenye kona ya chuma hicho zilinasa nyuzi chache nyeupe.

Juu yake lilining'inia joho la kuogea la rangi ya buluu. Hoteli iliwapa wanaume majoho ya buluu na wanawake meupe, kama jezi za timu mbili. Joho lile la buluu halikuwa na mshipi.

Mke wa marehemu alikuwa chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda, ameupa mgongo mlango wa bafu. Alikuwa na umri wa kutosha kuitwa binti wa mzee yule. Macho yake yalikuwa mekundu. Alivaa joho jeupe, lililofungwa kiunoni kwa mshipi wa buluu.

"Pole sana, dada," alisema Inspekta.

"Asante."

"Ulimwona lini mara ya mwisho akiwa hai?"

"Asubuhi. Aliniambia anaingia kwenye mvuke. Ni kawaida yake kabla ya chai. Nikarudi kulala."

"Hukusikia kitu?"

"Mashine ya kukata nyasi ilikuwa ikinguruma hapo chini. Ungesikia nini?"

"Mshipi huo uliovaa si wa joho lako."

Mwanamke aliutazama mshipi kana kwamba anauona kwa mara ya kwanza. "Nilipomkuta hivyo nilichanganyikiwa. Nikashika kilichokuwa karibu."

"Wako uko wapi?"

"Sijui. Mume wangu amekufa, nawe unanidai mshipi?"

Inspekta aliomba radhi, akatoka.

Meneja wa hoteli alikuwa akimngoja ukumbini, tai imekaza, paji linametameta kwa jasho. Alikuwa mpwa wa marehemu.

"Watu wako wanasema jana mligombana na mjomba wako."

"Hatukugombana. Yeye alinitukana, mimi nikasikiliza. Supu ilipoa kidogo, akaniita mbwa mbele ya wahudumu." Alilegeza tai. "Sikufichi, afande. Nilitamani afe. Lakini kutamani si kosa."

"Si kosa. Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Jikoni. Wachezaji wanakunywa chai mapema. Waulize wapishi wote, niliwasumbua mpaka wakanichoka."

"Nani alichagua chumba kile?"

"Mkaza mjomba. Nilimwambia kipo kingine upande wa kivuli, kizuri zaidi. Akasema anataka hichohicho."

Simu ya Inspekta ililia. Alikuwa Kamanda.

"Kupe, mechi ni saa kumi. Watu wameshaanza kujipanga. Mzee alikuwa na presha, nchi nzima inajua. Nataka mwili utoke kimya kimya, kama mchezaji anayerudi benchi. Ajali. Tumeelewana?"

"Bado, afande."

"Bado nini?"

"Bado sijaelewa."

Akakata simu kabla hajatukanwa. Wapishi waliulizwa mmoja mmoja. Kila mmoja aliapa kwamba meneja alikuwa jikoni muda wote, na mmoja akaongeza kwamba laiti angetoka jikoni hata kidogo, wangeshukuru. Basi akabaki mtu mmoja.

Inspekta alirudi chumbani, akasogea kwenye dirisha kubwa. Chini yake viti vya jukwaa viliteremka safu kwa safu hadi kwenye nyasi. Dirisha lilifunguka kiasi cha kupitisha mkono.

"Sajini, shuka ukatafute mshipi mweupe."

"Kwenye viti vyote hivi? Mama yangu alinizaa mmoja tu."

"Anzia chini ya dirisha hili."

Sajini alihangaika kati ya viti, anainama, anainuka, anashika kiuno. Hakuona kitu. Ndipo alipomwona mtunza nyasi akiburuta mpira wa kumwagilia maji, umekunjwa vizuri, umefungwa katikati kwa kitambaa cheupe.

"Mzee wangu, hiki umekitoa wapi?"

"Kimeanguka kutoka mbinguni."

"Mbinguni ghorofa ya ngapi?"

Mtunza nyasi alinyoosha kidole, moja kwa moja, kwenye dirisha la Mwenyekiti. "Asubuhi, nikiwa nakata. Nikasema matajiri hawa wanatupa hata vya kufungia. Vipi, wanakitaka tena?"

Mshipi uliletwa ukiwa ndani ya mfuko wa ushahidi. Ulikuwa umevutika hadi ukawa mwembamba kama kamba, na ncha zake mbili zilibaki na mikunjo ya fundo. Inspekta aliuweka mezani, akavuta kiti, akakaa uso kwa uso na mjane.

"Una haki ya kunyamaza. Utakachosema nitakirekodi, na kinaweza kutumika mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Ncha moja uliifunga kwenye mshikio wa mlango. Nyingine kwenye chuma cha taulo. Nyuzi zake zimebaki pale."

"Mshipi hauna ulimi, Inspekta. Unaweza kuusingizia lolote."

"Chumbani mlikuwa wawili."

"Na mpwa wake ana ufunguo wa kila chumba."

"Mpwa wake alikuwa jikoni."

"Basi peleka mshipi wako mahakamani. Mimi ni mjane. Naomba nilie kwa amani."

Alikuwa mkavu kama jiwe la kunolea kisu. Inspekta aliwahi kuona wauaji wanaotetemeka, wanaoropoka, wanaomwita Mungu. Huyu alikunja mikono mapajani, akatazama nje.

Ghafla vipaza sauti vya uwanja vikakohoa. Mtangazaji alikuwa akijaribu sauti kabla ya mechi.

"Mabibi na mabwana, kabla ya mchezo kuanza tutasimama kwa dakika moja ya ukimya kumkumbuka shujaa wetu, baba wa uwanja huu, aliyeuinua baada ya maafa. Na kuanzia leo, jukwaa hili litaitwa kwa jina lake..."

Mwanamke aliinuka. Kwanza alicheka, kicheko kifupi kama mtu aliyekanyaga mwiba. Kisha akaenda dirishani.

"Jukwaa hili," alisema. "Hili lililo juu ya lango?"

"Hili."

"Na watu wote watasimama?"

"Watasimama."

"Sikumuua ili wamsimamie!"

Sajini aliganda mlangoni. Inspekta hakusogea.

"Kaa," alisema polepole. "Niambie ulimuulia nini."

Mwanamke alikaa. Alijifungua ule mshipi wa buluu kiunoni, akautupa sakafuni kama kitu chenye ugonjwa, akalishika joho kwa mkono.

"Mimi ni binti wa askari wa lango."

Kalamu ilimponyoka Inspekta, ikabingirika hadi chini ya kitanda. Hakuiokota.

"Baba yangu hakuwa mlevi. Hata dawa ya kikohozi aliinusa kwanza. Alifunga lango kwa sababu aliamriwa. Nje palikuwa na vijana wanataka kuingia kuona mwisho wa mechi, na huyu marehemu hakutaka fujo mbele ya wageni wake. Akaamuru lifungwe, akauchukua ufunguo, akautia mfukoni, akaenda kula na wakubwa. Watu walipoanza kupiga mayowe, baba aliligonga kufuli kwa jiwe. Aligonga mpaka mikono ikachanika. Mahakamani wakasema alichanika kwa kuanguka, amelewa."

"Hakusema ukweli?"

"Aliusema kila siku. Ukweli wa askari wa lango una uzito gani? Sisi watoto tulipigwa mawe. Mama akauza vitu, tukahama usiku kama wezi, tukabadilisha majina. Baba akafia gerezani, na maneno yake ya mwisho kwangu yalikuwa, 'Mwanangu, ufunguo alikuwa nao yeye.'"

"Ndipo ukaolewa naye."

"Nilimtafuta, nikamchekea, akanioa. Sikuolewa nimuue. Niliolewa nimsikie. Nilitaka alitamke kwa kinywa chake, hata mara moja, nijue sikumwamini baba bure. Nimempikia, nimemkanda miguu, nimelala naye kitanda kimoja, nikingoja. Aliponiambia tunakuja kulala hapa, nikaomba chumba hiki. Nikasema labda mahali penyewe patamfungua mdomo."

"Pakamfungua."

"Jana jioni alikunywa. Akasimama pale dirishani, akaelekeza kidole chini. Akaniambia, 'Siku ile ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, mke wangu. Yule mjinga alikuwa na mdomo, mimi nilikuwa na wakili.' Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaomba maji ya kunywa. Nikampa."

Nje mtangazaji alirudia tangazo lake. Mwanamke alisubiri amalize.

"Asubuhi alipoingia kwenye mvuke, nikafunga. Nikapandisha joto hadi mwisho. Alipogundua, akabisha, akaniita mpenzi, akasema mlango umekwama. Nikamwambia haujakwama. Nikamwambia ufunguo uko mfukoni mwangu."

"Akasema nini?"

"Akapiga. Akatukana. Akaomba. Nikamtajia jina la baba yangu. Hapo akaacha kupiga. Akanitazama kupitia kioo, na nikaona ameelewa. Nikavuta kiti nikakaa, mpaka kukawa kimya. Halafu nikaufungua mshipi, nikautupa, nikawapigia mapokezi nikilia. Nililia kweli, Inspekta. Ila sikumlilia yeye."

"Na ulitaka ipite kama ajali."

"Nilidhani kufa kwake kunatosha. Sikujua watamvika taji. Sasa andika yote. Andika na ya ufunguo. Nikinyongwa, ninyongwe, ila watu wasimsimamie."

Inspekta aliinama, akaiokota kalamu chini ya kitanda.

"Kaka yangu alifia kwenye lango hilo," alisema.

Mwanamke alimgeukia. "Basi nawe ulimlaani baba yangu."

"Ndiyo."

"Wote mlimlaani."

Inspekta aliitazama simu yake iliyokuwa ikirekodi mezani. Angeweza kuzima rekodi. Angeweza kumpigia Kamanda, kusema ni presha; mwanamke huyu angeenda zake, na Kamanda angemshukuru. Lakini maelezo yakipotea, jina la askari wa lango lingeoza pamoja nayo. Akamwambia mwanamke avae nguo. Akamfunga pingu kwa mbele, si kwa nyuma, akamtupia kitenge mikononi pingu zisionekane.

Kisha akampigia Kamanda.

"Si ajali, afande. Ni mauaji, na mtuhumiwa amekiri. Naomba ile dakika ya ukimya ifutwe."

"Kupe, una wazimu?"

"Kwa mujibu wa maelezo niliyorekodi, marehemu ndiye aliyefunga lango, na alidanganya chini ya kiapo. Mkitaka kumsimamia, simameni. Ila kesi hii itasomwa hadharani, na watakumbuka nani alisimama."

Kamanda alipumua kwa nguvu. Saa kumi filimbi ilipulizwa, na mpira ukaanza bila mtu kusimama.

Jioni Inspekta alipita nyumbani kwa mama yake. Mama alikuwa barazani anachambua mchele, sinia mapajani, gunia ubavuni. Inspekta alikaa chini kando yake, akamweleza yote, tangu mlango wa kioo hadi ufunguo mfukoni. Vidole vya mama viliendelea kutoa mawe na kuyatupa.

"Kwa hiyo hakuwa yule askari," alisema mwishowe.

"Hakuwa yeye, mama."

"Na huyo aliyefungiwa, alikaa muda gani kabla hajafa?"

"Mama..."

"Nimekuuliza."

"Kama nusu saa, daktari anasema."

Mama alipepeta sinia mara moja, makapi yakaruka.

"Ni kidogo," alisema. "Mwanangu alikaa zaidi."

Akaendelea kuchambua. Baada ya muda akauliza, bila kuinua macho, kama mahabusu wanaruhusiwa kuletewa chakula kutoka nje.

"Wanaruhusiwa."

"Na yule binti, ana mama?"

"Alishakufa."

Mama akaingiza mkono guniani, akaongeza mchele kwenye sinia.